Kituo cha kupima mvua kinazima usiku ilhali paneli inaonyesha volti 20

Mpima Mvua, Moshi
Habari za kazi, wakuu. Nina kituo kidogo cha kupima mvua huku juu, upande wa Kibosho, kinachotumia betri kavu ya volti 12 yenye ampea-saa 7, paneli ya wati 20 na kontrola ya chaji, na hutuma vipimo kwa laini ya simu kila robo saa. Tangu Juni kinazima mnamo saa tisa usiku, kisha kinawaka chenyewe jua likishapanda. Paneli nimeichomoa mchana wa mawingu nikaipima kwa maltimita, ikatoa volti 20, na betri ni ya mwezi Machi. Je, kontrola ndiyo mbovu?

Fundi Sola, Njiro
Mkuu, kwa maelezo yako kontrola inafanya kazi yake: betri ikishuka hadi karibu na volti 11 inakata umeme ili isife kabisa, na ikishajaa kiasi inaurudisha. Hiyo volti 20 isikudanganye, kwa sababu paneli isiyobebeshwa mzigo, yaani isiyounganishwa na kitu kinachokula umeme, huonyesha volti karibu kamili hata kukiwa na wingu zito, ilhali ampea zimebaki chache mno. Rudisha kila kitu, ukianza na betri ndipo paneli, kisha pima ampea zinazoingia saa sita mchana, na volti za betri alfajiri kabla jua halijachomoza. Angalia pia vichwa vya betri. Ukiona ukoko mweupe au wa kijani, usugue.

Mpima Mvua, Moshi
Nashukuru. Alfajiri betri ilikuwa na volti 11.4, na saa sita mchana iliingia ampea 0.15 tu. Vichwa ni safi. Paneli imeinamishwa sana kuelekea kusini, kwani ilifungwa Desemba, na mgrevilea wa jirani unaitia kivuli tangu alasiri.

Mama Vipimo, Tengeru
Basi jibu unalo. Desemba jua letu la mchana liko kusini, lakini Juni na Julai liko kaskazini, na huko mlimani miezi hiyo ni ya mawingu. Ielekeze kaskazini kwa mwinamo mdogo, nyuzi 10 hadi 15, unaotosha kutiririsha maji na vumbi. Mwanga wa siku ya mawingu hutoka anga nzima, hivyo paneli iliyolala huupata zaidi kuliko iliyosimama. Mgrevilea ukatiwe matawi, maana seli za paneli zimeungwa kwa mfululizo na kivuli cha tawi moja huziangusha zote. Kagua na mtandao: modemu, yaani kifaa kinachotuma vipimo kwa laini ya simu, inayohangaika kutafuta mnara ikila ampea 0.2 mfululizo itamaliza karibu ampea-saa 5 kwa siku. Tuma kila saa moja badala ya robo saa.

Fundi Sola, Njiro
Naongezea moja. Betri ya asidi, ikiwemo hiyo kavu yako, iliyokaa wiki kadhaa bila kujaa huota salfeti (chumvi ngumu ndani yake) na kupungua uwezo, hata kama ni mpya. Ichaji kwa chaja ya umeme wa kawaida hadi volti 14.4, iache ipumzike usiku kucha bila mzigo, kisha uipime. Ikibaki karibu na 12.7, irudishe kazini. Ikishuka chini ya 12.4, nunua nyingine kabla hujapanda tena Kibosho.