Nina laki sita na nusu: nirekebishe nyumba au nipunguze deni la benki?

binti_bamburi
Habari zenu wapendwa, naombeni mawazo maanake hapa nyumbani tumezungumza hili jambo mpaka sasa kila mtu amenyamaza na lake. Tuna nyumba huku Bamburi, Mombasa, tuliyonunua kwa mkopo wa benki, deni limebaki milioni 4.2, riba 14%, tumebakisha miaka 16. Kila mwezi wanakata karibu elfu 55. Sasa nimejikusanyia pole pole kwa chama na marupurupu ya kazini hadi nikafika laki sita na nusu (650,000) na ndio ugomvi umeanzia hapo.

Nyumba inataka kazi. Slabu ya juu inavuja chumba cha watoto, plasta imevimba na kuna pahali simiti imebanduka nondo inaonekana nyekundu. Jikoni nako kabati zimeoza chini ya sinki, milango haifungi. Mume wangu angependa pia tuweke dari ya jipsamu sebuleni. Fundi alitupigia hesabu: slabu 240,000, jiko 520,000, jipsamu 130,000. Jumla 890,000.

Benki walipopigiwa simu wakasema wanaweza kutupa topapu, yaani mkopo wa nyongeza, ya laki tisa, iingie kwa mkopo ule ule, eti nyongeza ni kama elfu kumi na mbili tu kwa mwezi, kwa hivo tufanye kila kitu mara moja na zile pesa zangu zikae. Mume ameipenda hiyo. Mimi roho yangu yanambia niitupe hiyo laki sita na nusu yote kwa deni nipumue, nyumba tutaifanya tukijaliwa. Nani yuko sawa hapa? Na kama kuna mtu amepitia naomba aniambie kwa hesabu, si kwa maneno matupu.

fundi_mtopanga
Dada, mimi nitaongea kuhusu slabu peke yake kwa sababu ndio kazi yangu. Hiyo nondo nyekundu usiiache. Huku pwani hewa yenyewe ina chumvi, na nyumba nyingi zilijengwa na mchanga ambao haukuoshwa vizuri, so maji yakipata ufa yanaingia na ile chumvi mpaka kwa chuma. Chuma kikishika kutu kinavimba, kutu inachukua nafasi kubwa kuliko chuma chenyewe, inasukuma simiti kutoka ndani ndio unaona inabanduka vipande. Na kikishabanduka maji yanapata njia pana zaidi, kwa hivo mwaka huu ni kipande cha sahani, mwaka ujao ni nusu ya dari. Tena hapo ndipo watoto wanalala.

Na usikubali mtu akuwekee plasta na rangi juu yake akuambie imeisha. Kazi ya sawa ni kuchimba simiti yote iliyolegea mpaka nondo ionekane pande zote, isuguliwe mpaka ing'ae, ipakwe dawa ya kutu, ijazwe na simiti maalum ya kurekebishia, halafu juu ya slabu mteremko urekebishwe maji yasisimame na iwekwe tabaka la kuzuia maji. Ukikuta nondo imeliwa ikawa nyembamba, hapo mwite injinia kabla fundi yeyote kugusa. Ile 240,000 uliopewa muulize hizi zote zimo au ni rangi tu.

hesabu_tudor
Umeomba hesabu, dada, tuanze nazo. Kwa milioni 4.2 kwa 14%, riba ya mwezi mmoja peke yake ni 49,000. Unalipa kama 54,900. Maana yake kila mwezi ni kama 5,900 tu inayopunguza deni lenyewe, zingine zote ni riba. Hiyo ndio sababu umelipa miaka na ukiangalia stetimenti unaona deni limekaa pale pale.

Ndio maana pesa inayoingia moja kwa moja kwa deni lenyewe ina nguvu sana wakati huu. Ukitoa 300,000 leo na uendelee kulipa ile ile elfu 55, miezi 192 inashuka hadi kama 152. Miaka mitatu na miezi minne imekatika. Ukitoa 600,000 inashuka hadi kama 125. Lakini angalia hapo: laki tatu za kwanza zimekata miezi 40, za pili zimekata 27. Zote zina faida ila za kwanza ndizo zinazouma benki zaidi, kwa hivo si lazima umalize akiba yako yote ndio uone matokeo.

Sasa hiyo topapu. 900,000 kwa 14% kwa miaka 16 ni kama 11,770 kwa mwezi, kweli mwezi ukiuangalia peke yake ni kidogo. Zidisha kwa miezi 192. Ni zaidi ya milioni 2.25. Yaani kabati za jikoni utakuwa unazilipia miaka 16 na huku kwetu na hii hewa sidhani hizo kabati zitafika hata nusu ya hiyo. Laki tisa hizo hizo ukizichukua sacco kwa 1% kwa mwezi kwa salio linalopungua, miaka mitatu, utalipa karibu 29,900 kwa mwezi na jumla ni kama milioni 1.08. Mwezi unauma zaidi, lakini tofauti ni zaidi ya milioni moja. Benki inakuonyesha nyongeza ya mwezi, haikuonyeshi jumla, na mimi hilo linanikera sana kwa sababu watu wazuri wanafungwa na hiyo elfu kumi na mbili.

Maoni yangu: slabu 240,000 kutoka kwa akiba, cash. 300,000 kwa deni. 110,000 ibaki ya dharura usiiguse. Jiko lisubiri. Jipsamu ndio kabisa.

shangazi_likoni
Hesabu nimezielewa na sizipingi baba, ila naona wanaume mnaharakisha sana kusema jiko lisubiri. Anayesimama pale jikoni saa kumi na moja alfajiri kuwapikia watoto wa shule ni nani? Kabati ikioza chini ya sinki kuna maji yanavuja pale, na pakivuja mende na panya hawangoji mkopo uishe. Binti, si lazima laki tano na ishirini. Kwanza tafuta bomba linalovuja lizibwe, hiyo ni kazi ya fundi bomba si ya seremala. Halafu hizo kabati za chini zing'oe, ujengewe vibao vya zege na kuta fupi za matofali, uweke taili juu, milango ya mbao ngumu tu. Hizi za MDF, zile mbao za unga uliogandishwa, hapa Mombasa zikipata unyevu zinavimba kama mkate uliolowa. Za juu zipake rangi zikae. Utashangaa utatumia pesa kidogo vipi na jiko likadumu.

Na mumeo usimuache nje. Kaa naye na hizo namba za huyo kaka wa Tudor, umuonyeshe pole pole, si kwa kushindana.

peslipu_changamwe
Kuna kitu naona wengi hawakitumii. Kama nyumba mnakaa wenyewe na mkopo ni wa benki, riba unayolipa inatolewa kwa mapato yako kabla ya kukatwa PAYE, ile kodi ya mshahara. Zamani mwisho ulikuwa 300,000 kwa mwaka, tangu mwisho wa Disemba 2024 sheria ilipobadilishwa ni 360,000, yaani 30,000 kwa mwezi. Kama mshahara wako uko kwenye ile daraja ya 30%, hiyo ni 9,000 inabaki kwako kila mwezi. Angalia peslipu yako kama HR wanaiweka. Kama hawaiweki wapelekee barua ya benki, au uidai mwenyewe kwa iTax, ule mtandao wa KRA, ukifanya ritani kabla ya tarehe 30 Juni, na cheti cha riba kutoka benki uwe nacho.

Nasema hivi pia kwa sababu kuna watu watakuambia usipunguze deni utapoteza hiyo nafuu ya kodi. Kwa hali yako si kweli. Ukitoa laki tatu deni linabaki milioni 3.9, riba ya mwezi ni 45,500, bado iko juu ya ile 30,000. Kwa sasa hupotezi hata shilingi ya nafuu. Hizo 9,000 ukizipata zirudishe kwa deni vile vile kila mwezi kwa standing oda.

mwana_kibokoni
Assalam aleikum. Mimi niongeze kwa wenye mikopo ya benki za Kiislamu maanake najua wengi hapa wanasoma na kujiuliza kama haya yanawahusu. Angalia mkataba wako ni wa aina gani. Kama ni musharaka ya kupungua, nyumba ni yenu wawili wewe na benki, unalipa kodi ya pango kwa ile sehemu ya benki na pole pole unanunua hisa zake. Hapo ukipata pesa ya ziada ukanunua hisa mapema, sehemu ya benki inapungua na kodi inashuka, kwa hivo faida ipo. Lakini kama ni murabaha, yaani benki ilinunua nyumba ikakuuzia na faida yake juu, bei ilishafungwa siku ya kwanza. Ukilipa mapema deni litaisha mapema lakini bei ni ile ile, isipokuwa benki wenyewe wakubali kukusamehe sehemu, na hilo ni hiari yao. So uliza kwanza kabla hujatoa. Kwa murabaha mimi ningeona bora pesa iende kwa nyumba yenyewe.

Dada wa Bamburi wewe umesema riba kwa hivo nadhani wako ni wa kawaida.

binti_bamburi
Ahsanteni sana jamani, Mungu awabariki, sikutarajia majibu ya namna hii. Ndio mkopo ni wa kawaida. Nimekaa na mume wangu jana usiku nikamuonyesha hiyo milioni 2.25 akaniuliza mara mbili kama ni kweli, tukapiga pamoja kwa simu ikatoka vile vile. Topapu ameiacha mwenyewe. Jipsamu amesema isubiri, ila jiko anasema tufanye vile shangazi amesema, na mimi nimefurahi.

Nina maswali mawili. Kaka wa Tudor, nikipeleka hiyo laki tatu naipeleka vipi, naweka tu kwa akaunti? Na fundi, kazi ya slabu nianze lini maanake nasikia mafundi wanasema chochote mradi wapate kazi.

hesabu_tudor
Usiweke tu kwa akaunti. Ukiweka bila maelezo wengine wataihesabu kama malipo ya miezi ijayo, itakaa hapo inakatwa kidogo kidogo na riba inaendelea kama kawaida. Andika barua, useme pesa hii ipunguze deni lenyewe, na useme unataka muda upungue, malipo ya mwezi yabaki vile vile. Hilo la pili ni muhimu kuliko unavyofikiri, kwa sababu benki nyingi zikiachiwa zitapunguza malipo ya mwezi na kuacha miaka 16 pale pale. Wakupigie muhuri nakala yako. Kabla ya yote soma barua ya ofa uone kama wana ada ya kulipa mapema. Baada ya mwezi mmoja omba stetimenti uhakikishe.

Na kwa barua hiyo hiyo uliza kuhusu hiyo 14%. Kiwango cha Benki Kuu, ambacho riba za benki hukifuata, kilikuwa 13% mwanzo wa 2024, kikaanza kushushwa Agosti mwaka huo, na katikati ya 2025 kilikuwa kimeshuka chini ya 10%. Kama riba yako ni ile inayopanda na kushuka na haijaguswa, una haki ya kupewa maelezo. Ikishuka, usipunguze unacholipa, acha ile elfu 55 iendelee.

fundi_mtopanga
Slabu inataka ikauke vizuri kabla ya kupakwa chochote, kwa hivo kazi hii ni ya wakati wa kaskazi. Ukiingia masika, Aprili na Mei, utakuwa unafungia unyevu ndani na tabaka litainuka kama malengelenge. Kama mvua imekukuta, fanya ile ya chini kwanza, kuchimba na kusafisha nondo na kujaza, ile ya juu ingoje kukauke. Watoto wahame hicho chumba kwa sasa, tafadhali.

Malipo usitoe yote mbele. Nunua vifaa mwenyewe au mwende pamoja dukani, risiti ziwe kwa jina lako, ufundi ulipe kwa awamu. Na bakisha sehemu ya mwisho mpaka mjaribu: ziba mitoo ya maji, jaza slabu maji vidole vitatu hivi, yakae siku nzima, kisha ingia chumba cha watoto uangalie dari na pembe zote. Fundi anayejua kazi yake hatakataa hilo. Na mkishazibua hiyo mitoo muwe mnaifagia kila baada ya mvua, majani ya mwembe wa jirani ndiyo yanayofanya maji yasimame mara nyingi.

shangazi_likoni
Na bomba la sinki lizibwe wiki hii, usingoje slabu.