Wakuu naombeni ushauri, mke wangu kaambiwa aache dawa za sonona atibiwe "chanzo"

BabaWawili_Kihonda:
Habari za jioni wakuu, naandika kwa simu mtanisamehe uandishi. Wife ana miaka 31, mwalimu wa msingi hapa Moro. Tangu ajifungue mtoto wa pili (sa hivi ana mwaka na miezi miwili) hajarudi sawa, analia hovyo, usingizi hamna, kazini anaenda ili mradi tu. Hospitali daktari akasema ni sonona akamwanzishia setralini miligramu 50, mwezi wa kwanza sikuona kitu ila wa pili nikaanza kumsikia tena anaimba akiosha vyombo, wenye ndoa mnanielewa.

Sasa rafiki yake wa kwaya kampeleka Dar kwa jamaa mmoja wa hii kitu wanaita fankshono medisini, tiba ya kutafuta chanzo. Jamaa kamwambia vidonge vinafukia moto kwa majivu tu, ugonjwa wenyewe uko kwenye utumbo. Anatakiwa apime mzio wa vyakula 90, choo, homoni, madini mazito, jumla laki nane na sitini, na makopo matano ya virutubisho ameshanunua. Vidonge kaacha siku hiyohiyo bila kuniambia. Leo siku ya tisa, anasema akigeuza macho kichwa kinapiga kama shoti, kizunguzungu, hasira, jana kalia mpaka alfajiri.

Nikope SACCOS tufanye hivyo vipimo au? Maana tuseme ukweli hospitali nako hawakumpima chochote, maswali dakika tano akaandikiwa.

bodaboda_msomi:
Upigaji. Uzi ufungwe.

Nesi Mstaafu:
Mwanangu pole. Hela weka pembeni kwanza. Usiku huu muulize mkeo waziwazi kama anawaza kufa au kujidhuru, kumuuliza hakumpandikizii wazo, watu wanaogopa bure. Akisema ndiyo usingoje asubuhi, nenda naye emajensi.

Hizo shoti ni dawa imekatwa ghafla, na mtu wa makopo atakwambia ni "sumu inatoka", usikubali. Dawa hizi huachwa kwa kupunguzwa kidogo kidogo chini ya daktari. Kesho mrudishe kwa aliyemwandikia na ubebe makopo YOTE. Soma lebo, ukiona 5-HTP (kirutubisho cha kupandisha serotonini, kemikali ya ubongo ambayo setralini nayo inaigusa) au Hypericum (mmea, wengine wanauita St John's wort) aache kunywa na umwonyeshe daktari kabla hajarudia setralini, vikikutana mwilini mtu anaweza kutokwa jasho, kutetemeka, moyo kwenda mbio, akachanganyikiwa kabisa. Hiyo Hypericum inadhoofisha pia dawa za uzazi wa mpango na baadhi ya ARV, na inauzwa kama majani ya chai.

Shangazi wa Mikumi:
Mi nitatofautiana kidogo na bodaboda. Nilikuwa na huzuni na uchovu miaka miwili nikaambiwa stresi, nikaombewa, nikaambiwa nina jini mahaba (nilicheka jamani). Aliyenisikiliza saa nzima alikuwa mtu wa tiba hizohizo za chanzo, akaniuliza nalalaje, nakula nini, hedhi ikoje, akasema kapime TSH, kipimo cha damu cha tezi ya shingo. Tezi ilikuwa imelala! Sasa hivi nameza kidonge kimoja asubuhi niko mzima. Kwahiyo wazo la kutafuta chanzo si la kitapeli, ila TSH inapimwa hospitali ya kawaida, wala haihitaji laki nane.

Na chakula kina nafasi yake. Kuna utafiti wa Australia ulitoka 2017, watu 67 wenye sonona, nusu wakaelekezwa kula mboga, samaki, jamii ya maharage, karanga, nusu wakapewa mtu wa kupiga nao stori tu. Miezi mitatu baadae karibu theluthi ya wale wa mlo walikuwa wametoka kwenye sonona, wa stori 8 kwa mia. Ila wengi wao walikuwa tayari kwenye matibabu na mlo ulikuja JUU ya matibabu, hapo ndo jamaa yako anapopotosha.

mtu_wa_maabara:
Hicho kipimo cha vyakula 90 kama ni cha IgG, aina ya kingamwili za damu, okoa hela yako. IgG inaonyesha mwili umekutana na chakula hicho, yani ukila maharage kila siku itasoma maharage. Nimeona mama anaacha ugali, maharage, maziwa na mayai kwa pamoja, alikonda mpaka ndugu wakaanza kumsengenya.

Mwombeni daktari FBP (picha kamili ya damu), sukari, TSH, na vitamini B12 kama inapatikana. Kwenye makopo kukiwa na bayotini, ile ya nywele na kucha, aache siku mbili tatu kabla ya TSH maana inaharibu majibu.

BabaWawili_Kihonda:
Wakuu nimerudi, samahani kwa kimya. Nilimuuliza kama nesi alivyosema, mikono inanitetemeka. Akasema alishawaza kulala asiamke ila hajapanga kitu. Tulilia wote. Asubuhi tukaenda. Kopo la tatu lilikuwa na 5-HTP, daktari kaliweka pembeni, setralini kaanza upya na kuna mshauri atakuwa anaonana nae kila wiki. TSH iko poa. Ila Hb, yani wingi wa damu, 8.4 tu, damu iko chini! Kumbe hedhi imekuwa nyingi tangu uzazi na hakuna aliyemuuliza, hata mimi. Kapewa vidonge vya madini chuma. SACCOS sikopi.

bodaboda_msomi:
Asa si bora nilisema uzi ufungwe. Makopo unarudisha?

BabaWawili_Kihonda:
Wamegoma, eti yakishatoka dukani basi.

Nesi Mstaafu:
Madini chuma asinywee na chai, wala chai isimkaribie saa moja kabla na mbili baada. Ameze na juisi ya chungwa au ndimu. Choo kitakuwa cheusi, msishtuke.

BabaWawili_Kihonda:
Mama huyo bila chai ya rangi hafungui hata macho, hapo ndo penye vita. Ngoja nikanunue machungwa.