Tupeane uzoefu: kufunga kamera ya gari kwenye boksi la fyuzi bila waya kuning'inia

Mwanzisha uzi, Kigoma Mjini

Ndugu wadau, salamu kutoka Kigoma. Naomba tukusanye hapa uzoefu wetu wa kufunga kamera ya gari kwa namna ya kudumu, yaani ile inayochukua umeme kwenye boksi la fyuzi badala ya kuchomekwa kwenye tundu la kiberiti, na waya wake ukapita ndani ya silingi na nguzo ya kioo cha mbele hadi usionekane. Wengi wetu tunanunua kamera nzuri, kisha tunauacha waya ukining'inia mbele ya macho ya dereva na kushuka hadi kwenye gia, mahali ambapo abiria anaukanyaga na mtoto anauvuta. Kamera ya namna hiyo huzimika bila taarifa, na unagundua kwamba haikurekodi siku ile unapoihitaji.

Nianze na gari langu, ambalo ni Noah. Fundi wa kwanza niliyemwendea alitaka kuchuna waya wa redio, asokote wa kamera juu yake na kuzungushia selotepu nyeusi. Nilimshukuru nikaondoka. Kiungo cha kusokota hulegea kwa mtikisiko wa barabara za vumbi, na kikilegea hupata moto. Gundi ya selotepu nayo huyeyuka kwa joto na kuacha shaba wazi nyuma ya dashibodi. Tatizo kubwa zaidi ni kwamba waya mwembamba wa kamera unabaki unalindwa na fyuzi ya redio, ambayo huenda ni ya ampea 15, wakati kamera yenyewe haifiki hata ampea 1. Ukipiga shoti, waya huo mwembamba unaweza kuungua kabla fyuzi haijakatika.

Fundi wa pili alitumia soketi ya nyongeza ya fyuzi, ile yenye matundu mawili na mkia wa waya. Unang'oa fyuzi iliyopo, unachomeka soketi hiyo mahali pake, unairudisha fyuzi ya zamani kwenye tundu moja na kuweka fyuzi ndogo ya kamera kwenye tundu la pili. Hakuna waya wa gari uliokatwa, na siku nikiuza gari naing'oa yote ndani ya muda mfupi. Kabla ya kuchagua fyuzi alishika taa ya kupimia, akagusa fyuzi moja moja funguo ikiwa imetolewa, kisha ikiwa kwenye nafasi ya redio, kisha gari likiwa limewashwa, akaziandika kwenye kipande cha karatasi. Hapo ndipo nilipomwamini.

Tafadhali tuambiane gari ni lipi, umeme mmeuchukua wapi, waya umepita wapi, na kilichotokea baadaye.

Fundi umeme wa magari, Tabora Mjini

Kaka, umeeleza vizuri, nami naongezea yale ninayokutana nayo hapa gereji. Soketi hiyo ya nyongeza ina upande wake. Kati ya miguu miwili ya tundu la fyuzi, mmoja unatoka kwenye betri na mwingine unakwenda kwenye kifaa. Ukiichomeka kinyume, umeme wa kamera utapita kwanza kwenye fyuzi ya zamani, kwa hiyo fyuzi hiyo itabeba mizigo miwili badala ya kila mzigo kuwa na fyuzi yake. Ng'oa fyuzi, pima miguu yote miwili kwa taa, kisha ugeuze soketi ili mguu wenye moto ukae upande ule ambao fyuzi zote mbili zinaanzia. Kamera itawaka hata ukikosea, ndiyo maana watu wengi hawagundui.

Pili, fyuzi si zote za kuguswa. Za eabegi (mfuko wa hewa unaofunguka gari likigonga), za breki za ABS na za kompyuta ya injini ziacheni. Chukueni kwenye redio, tundu la kiberiti, au taa ya ndani kwa ule umeme usiokatika. Fyuzi ya kamera iwe ya ampea 2 au 3, inatosha.

Tatu ni hasi, na hapa ndipo kazi nyingi zinapoharibikia. Waya mweusi unatakiwa kushikwa kwenye boliti inayoingia katika bodi ya chuma, si kwenye skrubu inayoshika plastiki, na si juu ya rangi. Legeza boliti, kwangua rangi kidogo hadi uone chuma king'ae, weka kiatu cha waya (kile kipete cha chuma cha mwishoni mwake), kaza. Gari la mteja mmoja lilikuwa na kamera inayojizima kila likipita kwenye matuta, na watu walikuwa wameshabadilisha kadi ya kumbukumbu na kisha kamera yenyewe. Nilipofungua nilikuta hasi imefungwa kwenye bano la plastiki lililogusa chuma kwa ncha tu.

Mdau wa Ujiji

Mimi ni mama ninayeendesha IST, na ningependa kusimulia kuhusu betri, kwa sababu jambo hili halielezwi dukani. Kamera yangu ilifungwa kwa nyaya tatu: wa njano kwenye umeme usiokatika, mwekundu kwenye umeme unaofuata funguo, na mweusi kwenye bodi. Kusudi lilikuwa irekodi hata gari likiwa limeegeshwa. Niliegesha Kibirizi nikapanda boti kwenda kwenye msiba wa ndugu katika vijiji vya ziwani, na niliporudi gari halikuwa na uhai hata wa kufungua milango kwa rimoti. Vijana walinisaidia kuliwasha kwa betri ya gari jingine. Fundi aliyenifungia aliniambia kwamba betri ilikuwa mbovu, lakini niliipeleka kupimwa mahali pengine nikaambiwa ni nzima. Naomba kueleweshwa, je, kamera ndogo kiasi kile inaweza kweli kumaliza betri?

Fundi umeme wa magari, Tabora Mjini

Pole sana na msiba, dada. Inaweza. Tuchukue kamera inayovuta ampea 0.3 kutoka kwenye betri ya gari. Kwa saa 24 itakuwa imekula ampea-saa 7.2, na kwa siku tatu imekula zaidi ya 21. Betri ya gari dogo kama lako mara nyingi ni ya ampea-saa 35 hadi 45, kwa hiyo zaidi ya nusu inaweza kuwa imekwenda, na bado hujahesabu alamu na saa ya gari ambazo nazo hazilali.

Kile kiboksi kidogo kinachoshusha volti 12 kuwa 5 huwa na kikomo cha kukata umeme, na vingi vina swichi ndogo ya kukichagua. Betri iliyojaa na kutulia husoma karibu volti 12.6, ikifika 12.2 imebaki nusu hivi, ikikaribia 12.0 kwenda chini imekwisha kwa matumizi ya kuwashia gari. Mafundi wengi huacha swichi kwenye 11.8 kama ilivyotoka kiwandani, au hununua kiboksi kisicho na kikomo kabisa. Weka 12.2, na kama betri ni ya zamani weka 12.4. Betri ya risasi ikiachwa mara kwa mara ikiwa tupu hujenga salfeti kwenye sahani zake na haijai tena kama awali, kwa hiyo usiridhike kwamba imewaka baada ya kuunganishwa na gari jingine. Ukisafiri kwa siku nyingi, chomoa fyuzi ya waya wa njano tu. Ukirudi uirudishe, maana kwenye viboksi vingi vya nyaya tatu umeme wa kamera hutoka kwenye waya huo, na mwekundu hutoa ishara ya funguo tu.

Dereva wa lori, Urambo

Nawasalimu wote. Naona mmezungumzia magari madogo, nami naendesha Fuso ya volti 24, na naomba madereva wenzangu wasome sehemu hii kwa makini kwa sababu kosa lenyewe limezoeleka sana.

Lori la volti 24 lina betri mbili za volti 12 zilizofuatana. Kifaa cha volti 12 kikiletwa, iwe redio, kamera au chaja, njia rahisi inayotumika barabarani ni kuvuta waya katikati ya betri hizo mbili, ili upate 12 kutoka betri moja. Kifaa kinawaka na kila mtu anafurahi. Lakini alteneta inachaji betri zote mbili kwa pamoja, zikiwa mfululizo, nayo haijui kwamba moja inatumika zaidi. Ile inayovutwa hubaki na njaa, na mwenzake hujazwa kupita kiasi hadi maji yake yanachemka na kupungua. Lori la tajiri wangu lilikuwa likiua betri moja kila mara, ileile ya upande wa hasi, na wauzaji wakalaumiwa bure. Tulipofuatilia tukakuta waya wa redio na wa kamera vimevutwa katikati.

Dawa yake ni kuchukua umeme wa 24 kamili na kutumia kiboksi cha kushusha volti kilichoandikwa kwamba kinapokea 12 hadi 24. Vingi vya kamera vimeandikwa hivyo, lakini visome, maana kile cha 12 peke yake kinaweza kuungua papo hapo. Tena alteneta ya lori inapochaji hufika volti 28, kwa hiyo kiboksi kiwe na uwezo wa kupokea hadi 30 au zaidi.

Mdau wa Sikonge

Mimi nitazungumzia kioo na gundi. Huku kwetu mwezi wa tisa na wa kumi jua ni kali, na gari lililofungwa vioo na kuegeshwa juani dashibodi yake huweza kuzidi nyuzi 60. Kamera yenye betri ya lithiamu ndani haiwezi hali hiyo. Ya kwanza kwangu ilivimba tumbo hadi kioo chake cha nyuma kikaachia. Iliyofuata ni ya kapasita, ambayo huhifadhi umeme wa kutosha tu kufunga faili gari linapozimwa, na imestahimili.

Kuhusu kubandika, raba ya kunyonya ilikuwa ikianguka kila alasiri, nikaiacha. Gundi ya pande mbili inashika, ila kioo kinatakiwa kusafishwa kwa spiriti, kikauke, na kisiwe cha moto. Nilibandika asubuhi nikaikandamiza, nikaiacha hadi kesho yake kabla ya kuning'iniza kamera. Msibandike juu ya vile vidoti vyeusi vya ukingo wa kioo, gundi haishiki vizuri hapo. Kamera ikae nyuma ya kioo cha kutazamia nyuma, upande wa abiria, ndani ya eneo linalofikiwa na waipa. Nililizingatia hilo kwa sababu ya vumbi: ikikaa nje ya eneo la waipa, kinachorekodiwa ni tope lililokauka.

Mdau wa Kasulu

Gari langu lilikuja kutoka Japani likiwa na kile kifaa cha kulipia barabara cha ETC na kifaa kingine kidogo juu ya dashibodi ambacho wenzetu wa kule hukitumia kutambua rada za mwendokasi. Vyote viwili havikuwa na kazi kwangu. Fundi alivitoa lakini akaniachia nyaya zake, kwa kuwa tayari zilikuwa zimepitishwa kwa usafi wa ajabu, zimefungwa kwa vibano kila baada ya hatua fupi, na zinafuata funguo. Tulipima tukakuta volti 12, kwa hiyo tukaweka kiboksi cha kushusha hadi 5 kabla ya kuunganisha kamera. Atakayefanya hivi apime kwanza, maana plagi kuingia haimaanishi kwamba volti zinalingana.

Tatizo lililobaki lilikuwa redio. Kamera ikiwaka, stesheni za mbali za FM zilijaa mngurumo. Kiboksi cha bei rahisi kilikuwa kimewekwa kwenye silingi, jirani na waya wa antena. Tulikihamishia chini, karibu na boksi la fyuzi, na mngurumo ukapungua sana.

Mwanzisha uzi, Kigoma Mjini

Nashukuru sana kwa michango hii. Kuna mdau ameniuliza pembeni kuhusu waya kwenye nguzo ya kioo, nami namjibu hapa ili wote wafaidike. Magari mengi ya sasa yana eabegi ya pazia ndani ya nguzo hiyo, iliyokunjwa kwa urefu. Waya wa kamera ukipita mbele yake, eabegi ikifunguka itauvuta na inaweza kuurusha pamoja na kipande cha plastiki kuelekea usoni kwa abiria, au ikazuiwa isifunguke sawasawa. Fundi wangu aliondoa kifuniko cha nguzo, akaupitisha waya nyuma ya eabegi, akaufunga kwa zipu pamoja na nyaya za gari zilizokuwepo, kisha akaushusha kando ya mpira wa mlango hadi kwenye boksi la fyuzi. Kwenye silingi hakuhitaji kufungua kitu. Aliusukuma ukingoni kwa kipande cha plastiki, kwa sababu bisibisi huchana kitambaa. Kama nguzo ya gari lako ina neno SRS (alama ya eabegi) na hujawahi kufungua kifuniko chake, chomoa hasi ya betri na usubiri dakika kadhaa kabla ya kugusa, au mpe fundi anayelifahamu gari hilo.

Dereva wa Urambo, kwenye Fuso kiboksi cha kushusha volti umekifunga ndani ya kebini au nje karibu na betri?

Dereva wa lori, Urambo

Ndani ya kebini, chini ya dashibodi upande wa abiria, kimekazwa kwenye chuma ili joto lake litoke, na fyuzi yake ipo mwanzoni kabisa mwa waya, kule umeme unakochukuliwa. Nje kuna maji na tope, na masika haya ya kwetu hayakisamehi kitu kama hicho.