Njia za changarawe zisizo na magari Ujerumani: Altmühl, nyika ya Lüneburg au Harz?

Pedeli wa Kassel

Habari zenu wakuu. Mwisho wa Agosti mimi na mke wangu tuna wiki ya likizo, na tunataka kuimaliza juu ya baiskeli, kwenye changarawe, mahali ambapo gari halipiti. Mwenzangu amechoka na vioo vya magari vinavyompita karibu na kiwiko, na simpeleki tena kwenye barabara kuu za vijijini. Tairi zetu zina upana wa milimita 40, mizigo iko kwenye karia.

Vennbahn nimeiweka kando. Ni reli ya zamani, kilomita 125 kutoka Aachen kupitia Ubelgiji hadi Troisvierges kule Luxembourg, magari hakuna na mlima ni wa treni, yaani mpole. Lakini karibu yote imemwagwa lami. Zimebaki tatu: bonde la Altmühl kule Bavaria, nyika ya Lüneburg kusini mwa Hamburg, na milima ya Harz katikati ya Ujerumani. Aliyepita huko anieleze njia ilivyo chini ya tairi. Picha za mandhari ninazo za kutosha.

Mama Neema, Nürnberg

Kaka, mpeleke wifi yangu Altmühl, wala usijiulize mara mbili.

Njia nzima inaanzia Rothenburg ob der Tauber na kuishia Kelheim kwenye mto Danube, takriban kilomita 250. Msianzie juu kabisa, kule lami na matrekta ni mengi. Shukeni treni Treuchtlingen. Kuanzia hapo mto unaingia katikati ya majabali ya chokaa, na sehemu kubwa ya njia ni changarawe nyeupe ndogondogo iliyoshindiliwa vizuri. Mnaweza kwenda wawili sambamba mkizungumza. Tairi haizami, na kwa kuwa mnashuka na mto, milima ni ya kuhesabu kwa vidole.

Sasa hiyo chokaa. Ikikauka inatimua vumbi jeupe laini linaloganda kwenye mnyororo. Kila jioni futeni mnyororo kwa kitambaa kikavu hadi uone chuma, ndipo mtie mafuta, na kidogo tu. Mkitia mafuta juu ya vumbi, gia zinaliwa kama kwa msasa. Mvua ikinyesha ule unga unakuwa tope jembamba linalorukia mgongoni, kwa hiyo madigadi msiyaache nyumbani.

Baada ya Solnhofen mtaona juu yenu safu ya majabali waliyoyaita Mitume Kumi na Wawili. Ni chokaa ya eneo hilihili iliyotoa mabaki ya Archaeopteryx mwaka 1861, ndege wa kale mwenye meno. Eichstätt laleni hata usiku mbili, ni mji mzuri mno. Mbele yake, Gungolding, kuna mteremko wa mireteni unaolishwa kondoo. Mkiwakuta njiani shukeni na kusukuma, mchungaji atawashukuru.

Kuanzia Dietfurt mto unageuka kuwa sehemu ya mfereji wa Main-Danube uliokamilika mwaka 1992. Hapo njia inakuwa pana na imenyooka, na upepo ukiwapiga usoni mtausikia. Mimi sehemu hiyo hainisisimui, ila Essing kuna daraja la mbao la karibu mita 190 linalopanda na kushuka kama wimbi. Kelheim haina treni ya abiria: endeleeni hadi kituo cha Saal, ni mwendo mfupi.

Ubaya wake ni wikendi. Jumamosi na Jumapili za kiangazi familia nzima zinatoka, watoto wakiyumba mbele na baiskeli za umeme zikisukuma nyuma. Jumatatu hadi Ijumaa mnaachiwa njia.

Juma wa Hannover

Nampinga dada kwa heshima. Mwisho wa Agosti ndio wakati nyika ya Lüneburg inachanua, vilima vyote vinageuka zambarau. Kijiji cha Wilsede, katikati ya hifadhi, kimefungwa kwa magari. Utakutana na watembea kwa miguu, baiskeli, na magari ya kukokotwa na farasi. Kilima cha Wilseder Berg kina mita 169 tu juu ya usawa wa bahari, na ukiwa pale juu unaona mbali kila upande. Kondoo wa huko, wa kijivu wenye pembe, ndio wanaoifanya nyika ibaki nyika. Bila wao misonobari na mibetula ingeshaifunika zamani.

Treni inakufikisha Schneverdingen au Handeloh, na kiangazi kuna basi la bure la Heide-Shuttle lenye trela la baiskeli.

Lakini sitamficha mtu: chini ni mchanga. Pale farasi wanapopita kila siku mchanga umefumuka, na tairi ya milimita 40 yenye mzigo nyuma inachimba. Punguza upepo wa tairi, gia nyepesi, kaa nyuma kwenye kiti, usishike breki ya mbele. Vijijini kuna mawe ya kale ya duara yanayotikisa hadi meno. Isitoshe eneo lenyewe si kubwa. Siku mbili tatu linatosha, wiki litawachosha.

Bakari Mlima

Harz naipenda kuliko zote, lakini si kwa mizigo kwenye karia. Barabara za msituni ni za kokoto kubwa zilizochongoka na mlima hauishi. Kilele cha Brocken kina mita 1,141, na barabara inayopanda huko imefungwa kwa magari ya watu binafsi, ila ni ya lami. Ukipanda kwa Hirtenstieg kutoka upande wa Ilsenburg, utakuta vibamba vya zege vyenye matundu, walivyolaza askari wa mpaka wa Ujerumani Mashariki ili magari ya doria yapite. Tairi inaingia tundu baada ya tundu, na mikoba inaruka. Vibamba hivyo vinaendelea kwa vipande kando ya mpaka wote wa zamani, kama kilomita 1,400, kwa hiyo anayepanga kuufuata ajue anachofuata.

Halafu misprusi, ile miti ya msitu wa huko. Tangu ukame wa mwaka 2018 mbawakawa wa magome wameua miti milima kwa milima. Siku za kazi malori ya magogo yanapita kwenye barabara hizohizo mnazoziita hazina magari.

Fundi Salim, Freiburg

Kabla hamjachagua, jifunzeni vibao viwili. Duara lenye ukingo mwekundu na ndani picha ya pikipiki juu ya gari: magari marufuku, baiskeli ruksa. Huo ndio mlango mnaoutafuta. Duara jeupe tupu lenye ukingo mwekundu: hata baiskeli marufuku, mnasukuma, isipokuwa chini yake pameandikwa baiskeli zinaruhusiwa, "Fahrräder frei" au "Radverkehr frei". Na mkiona "Anlieger frei", wenye nyumba au shughuli mle ndani wanaruhusiwa kupita, kwa hiyo gari litakuja.

Huku kwetu Baden-Württemberg sheria ya misitu inakataza baiskeli kwenye njia zenye upana chini ya mita mbili. Barabara za malori ya magogo zinapita kipimo hicho kirahisi, hivyo msiiogope Schwarzwald, Msitu Mweusi wa huku kwetu, mwaka mwingine, mkiwa na gia za kupandia.

Kwenye ramani ya OpenStreetMap tazameni kiwango cha ubora wa kijia: grade2 ni changarawe iliyoshikana, grade4 na grade5 ni udongo na majani. Mkipanga njia bila kuangalia hapo, programu itawatupa kwenye shamba la ngano.

Pedeli wa Kassel

Ahsanteni sana. Nimemsomea mke wangu majibu yote na amechagua Altmühl, kuanzia Jumatatu. Wilsede tutaenda wikendi moja ya kiangazi kijacho bila mizigo. Mama Neema, maji na chakula vikoje? Na treni kutoka huku?

Mama Neema, Nürnberg

Maji: makaburi ya vijijini yana bomba la kumwagilia maua, na waendesha baiskeli wengi wanajaza chupa hapo. Soma kibao kwanza. Kikiandikwa "Kein Trinkwasser", yaani maji si ya kunywa, usinywe. Chakula: Jumapili maduka yamefungwa, nunueni Jumamosi.

Kupe wa Bavaria wanaweza kubeba virusi vya FSME, ugonjwa wa ubongo. Chanjo yake ni dozi tatu, muulizeni daktari wiki hii, na kila jioni kaguaneni nyuma ya magoti na kwenye nywele.

Treni: ICE, ile ya mwendo kasi, hadi Würzburg, na nafasi za baiskeli ziwekwe mapema kwani bila hizo hampandi. Kutoka pale treni ya mkoa inapita Ansbach na Gunzenhausen hadi Treuchtlingen. Deutschlandticket, ile tiketi ya mwezi ya treni za mikoa, hailipii baiskeli, kila moja ikatiwe tiketi yake.