MREJESHO: Vitabu vya kuanza kujiandaa na dharura

Wakuu, niliuliza anayeanza asome nini, kwa sisi wa Tanga ambao masika yakikolea maji hayako mbali na kizingiti. Mlitaja viwili.

Anza na Mahali Pasipo na Daktari cha David Werner, kipo kwa Kiswahili. SAS Survival Handbook cha John Wiseman (1986) ni cha Kiingereza. Kinafaa kwa moto, mafundo na kibanda. Mambo ya theluji yapite tu, labda unahamia Lushoto halafu upande juu zaidi!

Ila kabla ya kitabu, maji. Lita 4 kwa mtu kwa siku: watu 5 kwa siku 3 ni lita 60, yaani madumu matatu ya lita 20. Dumu lililowekwa mafuta halifai, utando hautoki wote. Maji ya tope yachuje kwa kanga safi iliyokunjwa mara nne, la sivyo uchafu unaimaliza klorini (ile ya maji ya kung'arishia nguo, bleach, utakayotia) kabla haijaua vijidudu. Kisha soma asilimia ya klorini kwenye chupa yake: ya 5 hadi 6 ni matone 2 kwa lita, ya 1 ni matone 10. Koroga, subiri dakika 30. Harufu ya klorini isiposikika hata kwa mbali, rudia. Klorini yenye manukato usitumie kabisa.

Na kisima kilichoingiwa na maji ya bahari, uchemshe usichemshe, chumvi iko palepale.