Barbados mwezi wa tisa: tujihadhari na nini?

Mtu wa Ntinda
Habari zenu wakubwa. Septemba tunakwenda Barbados, watu wawili, siku 10. Kila mtu anatuonya kuhusu wezi tu. Mengine je? Kuogelea tumezoea ziwani, baharini bado.

Mzee Pasi
Anzeni na kadi ya homa ya manjano, la sivyo safari inaishia kaunta ya Entebbe. Sindano ni moja kwa maisha, ila kadi inaanza kufanya kazi siku 10 baada ya kuchomwa. Mkipitia London au Marekani, kwa kawaida mtadaiwa viza ya kupita hata kama hamtoki uwanjani. Hapo ndipo wengi hukwama. Na nguo za mabakabaka ya kijeshi ziacheni nyumbani, hata za mtoto. Barbados ni kosa kwa raia kuzivaa, kama kwetu Uganda.

Nahodha wa Ggaba
Wezi wapo, lakini mimi ningeogopa maji kwanza. Magharibi, upande wa Holetown, bahari kwa kawaida imetulia. Mashariki, Bathsheba, ni Atlantiki yenyewe: pigeni picha, msiingie. Mkondo unaorudi baharini unaonekana kama ukanda laini wa maji meusi katikati ya mawimbi meupe. Wageni huingia papo hapo wakidhani pametulia, kumbe ndiyo njia ya maji kutoka. Ukikubeba, usipigane nao. Haukuvuti chini; kinachoua ni kuchoka. Elea, inua mkono, halafu ogelea sambamba na ufuko mpaka ukuachie, ndipo urudi nchi kavu.

Mvua ikinyesha msijikinge chini ya mti wenye alama nyekundu shinani. Ni manchinili: utomvu wake hubabua ngozi, na vitunda vyake vya kijani ni sumu.

Mama Bima
Septemba ni kilele cha vimbunga (msimu ni 1 Juni hadi 30 Novemba). Nunueni bima leo. Dhoruba ikishapewa jina, bima mpya haiihesabu. Mbu wa dengi huuma mchana, kwa hiyo neti ya usiku peke yake haitoshi. Polisi 211, ambulansi 511.

Mtu wa Ntinda
Asanteni sana. Tukikodi gari?

Mzee Pasi
Wanaendesha kushoto kama sisi, ila lazima mpate kibali cha dereva mgeni. Anayekodisha huwa anakitoa. Namba ya gari la kukodi inaanza na H, kwa hiyo kila mtu anajua ni la mgeni. Msiache hata mfuko mtupu kwenye kiti. Teksi ni Z, hazina mita: bei kwanza, mlango baadaye.