Ndulele zing'olewe zote au tuziache?

Wakuu, kikao cha kijiji chetu kimeletewa pendekezo: ndulele zote (vile vichaka vya miiba vyenye matunda ya njano) zinazozunguka shule zing'olewe zichomwe moto. Kisa ni mtoto wa darasa la pili aliyekula moja akidhani nyanya chungu, akatapika usiku kucha. Amepona. Wazee wakaja juu: "Mkizing'oa, mdudu wa kidole mtamtibia nini?"

Dawa hiyo mimi nimekulia nayo. Bibi alikuwa anafukia ndulele ya njano kwenye majivu ya moto, anaikata kichwa, anaitoboa katikati, halafu unaingiza kidole kilichovimba humo humo. Utaruka, lakini yeye kakushika mkono. Jino likiuma ni mzizi: tafuna, tema. Kutema ndiko kulikokuwa dawa, maana sikumwona hata siku moja akimeza maji yake.

Leo watu wanachemsha mizizi, wanajaza kwenye chupa za maji, unaambiwa kikombe asubuhi na jioni: tumbo, presha, hadi kumrudisha mpenzi (hiyo ya mpenzi tuwaachie wenyewe). Hapo ndipo ninapogoma. Sumu ya ndulele ni ya ukoo wa solanini, ileile inayoogopwa kwenye viazi vilivyogeuka kijani, na kuchemsha hakuimalizi. Sasa hicho kikombe ni cha mizizi mingapi? Sheria ya Tiba Asili na Tiba Mbadala hapa Tanzania tunayo tangu 2002, na baraza la kusajili waganga lipo. Muulize muuza chupa namba yake ya usajili, uone atakavyokutazama.

Kuhusu kuzimaliza kabisa, sahauni. Ng'ombe anaziacha kwa miiba na uchungu, ndiyo maana malisho yakichoka zinabaki zinatamba peke yake. Mkizikata, mvua ya kwanza zinachipua tena kutoka mizizini. Kule Laikipia, Kenya, tembo na swala wanayala matunda ya jamii hiyo, kwa hiyo porini zina wenyewe.

Msimamo wangu: uwanja wa shule usafishwe, porini ziachwe, na watoto waonyeshwe kwa macho. Ndulele ina miiba mpaka kwenye kikonyo, jani lake lina manyoya. Nyanya chungu ya bustanini haichomi.

Na yule mzee aliyesema kikaoni kwamba anakunywa kila wiki na hajafa, naomba aje hapa atuambie anapimia nini.